Makanisa ya Mji Mkongwe: lipi la kweli, lipi la mapapasi

Mwalimu mmoja wa sekondari toka Morogoro ameniandikia swali zuri sana, nalifupisha hapa. Anawapeleka wanafunzi wake wa historia Unguja likizo ya mwezi wa sita, wana siku moja tu ya kutembea Mji Mkongwe, na amesikia mengi kuhusu Kanisa la Mkunazini: kwamba madhabahu imekaa palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, kwamba kuna nguzo ziliwekwa kichwa chini miguu juu, kwamba msalaba umetoka kwenye mti wa Livingstone, na kwamba chini kuna vyumba walikofungiwa watumwa. Anauliza kipi awafundishe watoto kama historia na kipi ni maneno ya watembeza watalii, na kama kuna makanisa mengine ya kuangalia.

Mwalimu, habari za Morogoro. Mimi kazi yangu ni majengo ya zamani, hasa ya mawe na chokaa, kwa hiyo nitakujibu zaidi kwa kufuata jengo lenyewe linasema nini, halafu ndo tuje kwenye maneno ya watu. Jibu fupi ni kwamba mengi uliyosikia yana msingi, moja lina ubishi mkubwa na nitakwambia lipi, na kuna jambo kubwa kuliko yote hayo ambalo mapapasi, yaani watembeza watalii wa mitaani, wengi hawalitaji kabisa, nalo ni watu waliolijenga lile kanisa na kulijaza. Nitafika huko.

Tuanze na soko. Hilo halina ubishi. Uwanja wa Mkunazini, pale upande wa nyuma ya mji karibu na Darajani, ulikuwa soko la wazi la kuuzia watu, na lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultani Barghash kusaini mkataba na Waingereza. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja mwanzoni mwa mwaka ule akashindwa kumshawishi, kazi ikamaliziwa na balozi John Kirk kwa kumtishia Sultani kwamba manowari zitaziba bandari. Kwa hiyo Barghash alisaini akiwa amebanwa, usiwaambie watoto kwamba aliamka asubuhi akaona utumwa ni mbaya. Na lingine ambalo vitabu vingi vya shule vinaliruka: mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko ya hadharani, haukufuta utumwa. Mtu aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la karafuu Unguja au Pemba siku ya mkataba aliamka kesho yake bado ni mtumwa. Amri ya kuwapa watumwa haki ya kudai uhuru ilikuja 1897, na masuria wakasubiri mpaka 1909. Ukisimama na wanafunzi pale kanisani waambie hesabu hiyo, kwamba kanisa lilianza kujengwa, likakamilika, likatumika miaka mingi, na nje ya ukuta wake bado kuna watu wanamilikiwa. Manake ukisikia "kanisa lilijengwa kusherehekea mwisho wa utumwa" unaweza kudhani mambo yaliisha siku moja.

Sasa eneo lile lilifikaje mikononi mwa wamisionari. Hawa ni Waanglikana wa UMCA, misheni iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Walianzia bara kule mto Shire, Malawi ya leo, wakafa sana, askofu wao wa kwanza Mackenzie akafa 1862, aliyemfuata, Tozer, akaamua 1864 kuhamishia makao Unguja. Soko lilipofungwa, mmisionari mmoja anaitwa Arthur West akanunua sehemu ya uwanja, na sehemu nyingine ikatolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye ni Mhindu wala si Mkristo. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873, yaani miezi sita tu toka soko lifungwe. Ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877 jengo likiwa halijaisha, na paa likawa limekamilika 1879. Hebu angalia hapo: ardhi ya Mhindu, mji wa Sultani Muislamu, pesa za Waingereza, mikono ya mafundi wa hapahapa. Ndo Zanzibar hiyo.

Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye mwaka 1874 akawa askofu. Huyu alisomea sheria, hakusomea ujenzi, na nikiangalia alichokifanya kwenye paa mpaka leo namvulia kofia. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zote za Mji Mkongwe, hilo la kawaida. Lakini nyumba za mji zina vyumba vyembamba kwa sababu dari lake linashikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa, ikizidi inapinda. Ndo maana ukiingia nyumba yoyote ya zamani pale unaona chumba kirefu chembamba, si mtindo tu, ni urefu wa boriti. Sasa kanisa linataka ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Steere akaamua kuachana na boriti kabisa, akatengeneza dari la mviringo kama nusu ya pipa lililolazwa, kwa kusaga matumbawe na kuyachanganya na saruji ya Portland, likamwagwa likashikana likawa kitu kimoja. Ingia, simama katikati, inua kichwa. Hakuna mbao inayobeba, hakuna chuma, ni matumbawe na saruji tu vinaegemeana na kusukuma uzito kwenye kuta, na ndo maana kuta zile ni nene hivo. Miaka ya 1870! Kwa saruji ya kuja na meli! Watu wanapita chini yake wanakimbilia kupiga picha msalaba, mimi ningewakalisha wanafunzi sakafuni dakika tano waangalie juu tu.

Nguzo. Ni kweli, na utaziona mwenyewe. Upande wa magharibi, ukiwa unaingia, kuna nguzo kumi na mbili ambazo kitako kiko juu na kichwa kiko chini. Wanasimulia kwamba Steere alikuwa amesafiri, mafundi wakazisimamisha wanavyoona wao, aliporudi akaziacha. Mapapasi wanapenda kuisimulia hii kwa kucheka, eti mafundi hawakujua. Mimi naipinga hiyo namna ya kuisimulia. Fundi wa Unguja wa wakati ule alikuwa anajua kuchoma chokaa, kuchonga jiwe la tumbawe, kuchonga mlango wa nakshi ambao leo watu wanatoka Ulaya kuja kuupiga picha. Nguzo ya aina ile haikuwepo kwenye majengo ya mji, hajawahi kuiona ikiwa imesimama popote, na hakuna aliyekuwepo wa kumuonyesha. Akatumia akili yake kwamba upande mnene ubebe au upande mwembamba ubebe, akaamua, na imebeba mpaka leo. Waulize wanafunzi wako wangefanyaje wao.

Madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungushiwa nyekundu. Mapokeo ya kanisa lenyewe, tena ya zamani, yanasema pale ndo palikuwa na mti au nguzo ya kuchapia, mtumwa anafungwa anachapwa ili mnunuzi aone uvumilivu wake. Kwamba uwanja ule ni soko, hilo ni historia ya kuandikwa, wageni wengi walipita wakaandika walichokiona. Kwamba mti ulikuwa hasa pale lilipo duara, hilo ni mapokeo. Mimi sioni sababu ya kuyadharau, kwa sababu waliojenga walilikuta soko likiwa limefungwa juzijuzi na watu waliouzwa pale walikuwa hai na wengine wakawa waumini wa kanisa lilelile. Ila ukiwafundisha, sema "mapokeo yanasema". Na Steere mwenyewe amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo, alifariki Agosti 1882.

Msalaba nao ni wa kweli, na ningeomba hapa utulie na watoto kwa sababu hii habari inawahusu Waafrika zaidi kuliko inavyomhusu Livingstone. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Moyo wake ukazikwa pale chini ya mti, na msalaba ulioko Mkunazini umetengenezwa kwa mbao ya mti ule. Kwa hiyo kama kuna mtu amewaambia moyo wenyewe uko kanisani, hapana, moyo ulibaki Chitambo. Mwili wake ulikaushwa ukafungwa ukabebwa na watu wake mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, miezi kama tisa, wakafika Februari 1874, ukavushwa Unguja, halafu London ukazikwa Westminster Abbey Aprili 1874. Walioongoza safari ile ni Abdullah Susi na James Chuma, na aliyechonga maandishi kwenye mti ule ni Jacob Wainwright. Huyu Chuma alikuwa kijana Myao aliyekombolewa mwaka 1861 kwenye msafara wa watumwa kule bonde la Shire, na waliomkomboa ni Livingstone pamoja na haohao UMCA na askofu wao Mackenzie niliyemtaja juu. Walipofika pwani na mwili, wengi wa wabebaji walilipwa ujira wao wakaambiwa basi, kazi imekwisha. Chuma akaendelea kuongoza misafara ya watu wengine, akafia Unguja 1882 akiuguzwa na misheni. Ukiuangalia ule msalaba mdogo ukutani, mtaje Livingstone, lakini wataje na hawa kwa majina, waandike kwenye daftari.

Sasa lile lenye ubishi: vyumba vya chini. Ukinunua tiketi getini utapelekwa kwenye jengo la St Monica, unashuka ngazi, unakuta vyumba viwili, dari liko chini sana mtu mzima anainama, pembeni kuna majukwaa ya zege au mawe na katikati kuna njia kama mfereji, hewa inaingia kwa vitundu vyembamba, na kuna minyororo. Watembeza watalii watawatajia na idadi ya watu waliokuwa wanalundikwa humo. Kuna wanahistoria, tena wa Zanzibar, wanaohoji sana hili. Hoja yao ni rahisi: jengo la juu ni la misheni, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, soko likiwa limeshafungwa muda, na nyumba nyingi za aina ile huwa na ghala chini, kwa hiyo inawezekana vyumba vile ni stoo ya misheni tu. Mimi kwa jicho la jengo naona hoja yao ina uzito, manake ukuta wa chini na wa juu vinaonekana ni kazi inayoendana. Wengine wanasema chini ni pa zamani na misheni ilijenga juu yake. Ushauri wangu: shuka nao, waone, halafu mkitoka nje waambie kwamba hili linabishaniwa na kwa nini. Watoto wa historia wa kidato cha tatu au cha nne wanaweza kabisa kubeba hilo. Tena uwaambie kwamba kubishania chumba si kubishania soko. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa, na ushahidi wake hautegemei vyumba vile hata kidogo. Kinachoniuma ni mtu akija kugundua baadaye kwamba chumba ni cha mashaka halafu akasema basi na utumwa wote ni hadithi, na hao wapo, nawasikia.

Nje kuna ile sanamu ya watu watano wamesimama ndani ya shimo wamefungwa mnyororo shingoni, hiyo ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Simama nayo. Nyuso zao hazifanani, kila mmoja kachongwa kivyake, na wamewekwa chini ya usawa wa ardhi ili wewe uwe juu unaangalia chini, yaani unajikuta umesimama pale aliposimama mnunuzi. Kuna na maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki yaliyofunguliwa 2016, baada ya ukarabati mkubwa wa kanisa uliofanywa kwa msaada wa World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya. Yale maonyesho ni mazuri, yana maandishi ya Kiswahili, usiyapite haraka.

Saa ya mnarani wanasema ni zawadi ya Barghash, kwa sharti kwamba mnara usizidi jumba lake la Beit al-Ajaib. Sharti ni simulizi, chukulia hivo.

Haya, nilikwambia kuna jambo kubwa ambalo halitajwi. Mwaka 1864 Tozer na Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watoto wadogo, hawajui walipo, wanakabidhiwa kwa wazungu wasiojua lugha yao. Mmoja wao ni John Swedi, mwingine George Farajallah. Mwaka 1870 hao wawili wakapewa daraja la kwanza la utumishi kanisani, Farajallah akafa mapema, Swedi akawa shemasi 1879, mwaka uleule paa la Mkunazini lilipokamilika. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyekombolewa kwenye utumwa, akapadrishwa, padri Mwafrika wa kwanza wa misheni ile, akihudumu kusini kwa Wayao. Kabla ya hapo, 1876, Steere alitoka na kundi la waliokombolewa akiwapeleka kuelekea Nyasa, wakaishia Masasi, na Masasi ya Kianglikana yote imetoka hapo. Kwa hiyo mtu wa Masasi anayesali leo, mizizi ya usharika wake inapita kwenye uwanja ule wa Mkunazini. Hawa ndo waliokuwa wanaimba chini ya lile dari la matumbawe: watu ambao uwanja uleule, miaka michache nyuma, wangeuzwa. Huwa nashangaa kwa nini tunatembezwa dakika arobaini na habari ya mti na minyororo, halafu majina ya waliosimama wakawa watu yanaachwa.

Na lugha. Steere alikaa na Waunguja akajifunza Kiswahili chao kwa bidii kubwa, mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kingine cha ngano alizosimuliwa na watu wa mjini, akaweka mtambo wa kupiga chapa ukiendeshwa na vijana wa misheni, akatafsiri Agano Jipya. Biblia nzima ikatoka 1891, yeye keshafariki. Baadaye waliposanifisha Kiswahili, kamati ikaanza kazi 1930, Kiunguja ndo kilichochukuliwa kuwa msingi, na maandishi hayo yaliyokuwa tayari yamechapwa yalisaidia sana. Kwa hiyo Kiswahili unachofundishia darasani Morogoro kina deni kwa wasimulizi wale wa Unguja ambao Steere aliwasikiliza. Yeye alikuwa na kalamu, lugha ilikuwa yao.

Tuje kwa Wakatoliki. Kanisa lao ni Mtakatifu Yosefu, wenyeji wanaliita Minara Miwili. Mkija na boti toka Dar waambie wanafunzi waangalie mbele mji ukianza kuonekana, ile minara miwili iliyochongoka ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana. Halafu mkiwa ndani ya vichochoro hamtaiona! Kweli kabisa, unaweza kupita mita chache tu usijue, kwa sababu njia ni nyembamba na nyumba zimeibana, mpaka utokee mbele yake ghafla ukilazimika kurudisha shingo nyuma. Lilijengwa na mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, kati ya 1893 na 1898, kwa mtindo ambao mtu aliyefika Marseille ataujua mara moja. Ndani kuna michoro ya Agano la Kale kwenye kuba, vigae na vioo vya rangi vilivyoletwa toka Ufaransa. Linganisha na Mkunazini: Steere alichukua mawe ya hapa akajaribu kuongea lahaja ya mji, madirisha yake yamechongoka kwa namna ambayo haigombani sana na majengo ya Kiarabu, wakati hawa wameleta Ufaransa yenyewe wakaipanda katikati ya Shangani. Mimi moyo wangu uko Mkunazini, lakini minara ile ikiondolewa leo Mji Mkongwe hautajulikana ukiwa baharini.

Waumini wake kwa miaka mingi walikuwa Wagoa, yaani watu wa asili ya Goa kule India, makarani, wapishi, mafundi cherehani, wapiga picha, ambao walijaza mabenchi yale mpaka Mapinduzi ya 1964, wengi wao wakaondoka baada ya hapo. Mlango wa mbele mara nyingi umefungwa nje ya saa za misa, watu wanaingilia upande wa nyuma, kwa hiyo uliza kwa adabu utafunguliwa.

Kanisa la zamani kuliko hayo yote wengi wanalipita bila kujua. Nenda Ngome Kongwe pale Forodhani. Kabla ya ngome Wareno walikuwa na kanisa mahali pale, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa ya 17. Waomani walipowatoa Wareno, baada ya kuwang'oa Fort Jesus Mombasa mwaka 1698, wakajenga ngome juu ya kiwanja kilekile, na mabaki ya kuta za kanisa yakaingia kwenye ngome. Hakuna cha kuvutia sana kwa picha, ni ukuta, lakini kwa somo la historia ni dhahabu: Mreno, Muomani, Mwingereza, wote kwenye jiwe moja.

Jambo moja la kiufundi niliseme maana linanikera. Mtaona sehemu nyingi mjini ukuta umepigwa plasta ya saruji na chini kuna ukungu mweupe na rangi inabanduka. Tumbawe linanyonya unyevu toka ardhini, na chokaa inauacha utoke. Saruji inauziba, unabaki ndani na chumvi yake, jiwe linaliwa polepole toka ndani huku nje panaonekana pazima. Kwa hiyo fundi anayekuja na mifuko ya saruji kuziba nyufa kwenye ukuta wa matumbawe kwa nia njema kabisa anauua. Dari la Steere ni jambo tofauti, lile lilichanganywa hivo toka mwanzo. Mkipita Forodhani muone na lililobaki la Beit al-Ajaib, jengo la 1883, upande mmoja uliporomoka siku ya Krismasi 2020, wakafa watu wawili. Majengo haya yanataka kuangaliwa kila mwaka, si kila yanapokaribia kuanguka.

Mkipata nafasi ya jioni, Mbweni si mbali, daladala inafika. UMCA walinunua shamba pale 1871, wakawakalisha waliokombolewa, kukawa na shule ya wasichana ambayo leo ni magofu, na kanisa la Mtakatifu Yohana la 1882 ambalo bado linasaliwa. Pametulia, na ukitaka kuelewa watu walioshuka kwenye majahazi waliishi wapi baada ya hapo, jibu liko kule kuliko Mkunazini.

Na kwa kuwa mnatoka Morogoro, mkirudi piteni Bagamoyo. Mapadri walewale wa Minara Miwili ndo walivuka bara 1868 wakaanzisha misheni pale, na mnara wa kanisa lao la 1872 bado umesimama, mwili wa Livingstone ulilazwa humo usiku mmoja Februari 1874. Toka Bagamoyo wakapanda Mhonda 1877, na Morogoro kwenu 1882. Wanafunzi wako Wakatoliki watashangaa kwamba parokia za kwao zimepita njia ileile ya misafara, ila kwa kuelekea upande wa pili.

Mpangilio wa siku: mkishuka bandarini anzeni Ngome Kongwe, kisha Minara Miwili kabla jua halijawa kali, halafu Mkunazini mpewe muda mrefu kuliko kote, angalau saa mbili, mle Darajani, na aliye na nguvu aende Mbweni. Wavae vya kufunika mabega na magoti, mji ni wa Waislamu na makanisani pia ndo adabu. Mwongozaji mchukueni pale getini Mkunazini, msimchukue wa njiani, na umwambie mapema kabisa kwamba unataka awataje Swedi, Farajallah, Majaliwa, Chuma na Susi. Kama siku yenu ni Jumapili, pigeni simu kwanza mjue saa za ibada, manake wakati wa ibada hawaruhusu makundi kuzunguka mle ndani.